Namna ya Kunyoosha Mpini Uliopinda wa Wembe wa Kale wa Kukunja

Bapa la wembe wa kukunja lililofuliwa Sheffield, Uingereza, au Solingen, Ujerumani, katika karne ya 19 linaweza kulala ndani ya kasha kwa miaka mia moja, na likinolewa vizuri bado likanyoa. Mpini wake haukujaliwa umri huo. Kwa sehemu kubwa mipini ya zama hizo ilitengenezwa kwa pembe ya ng'ombe au ya nyati, na baadaye kwa seluloidi, navyo ni vitu vinavyokauka, vinavyosinyaa na kupinda vikikaa juani au penye hewa inayobadilika mno. Ndiyo maana mtu anayenunua wembe mkongwe mnadani, au anayeurithi kutoka kwa babu yake, mara nyingi hukuta bapa zima lakini makali yanagonga ubavu wa mpini kila anapoufunga. Kugonga huko si dosari ya sura tu. Makali ya wembe ni membamba kiasi kwamba kugusa pembe mara moja kunatosha kuyakunja au kuyamegua, na kazi yote ya kunoa ikawa imepotea.

Mwongozo huu unahusu mipini ya pembe na ya seluloidi, kwa kuwa ndiyo inayokubali kunyooshwa kwa joto. Mingine itatajwa ili msomaji asiitie katika maji ya moto kwa kutoijua. Jambo moja ninaomba lishikwe tangu mwanzo hadi mwisho: lengo si kuupata mpini ulionyooka kabisa, bali ni kuyafanya makali yashuke katikati ya mbavu mbili bila kugusa upande wowote. Anayelisahau hilo atanyoosha kisichohitaji kunyooshwa.

Sehemu za wembe

Bapa lina makali upande mmoja na mgongo upande wa pili. Kwa nyuma linaendelea kuwa shingo, kisha mkia mdogo uliopinda ambao kidole huukalia wakati wa kunyoa. Mpini una mbavu mbili, kila moja kwa kawaida ikiwa na unene wa milimita 2 hadi 3, zilizoshikanishwa na pini ya bawaba pale ambapo bapa huzungukia, na pini moja au mbili upande wa pili, ambako katikati ya mbavu huwekwa kabari. Kabari hiyo huwa ya risasi, ya pembe, ya mfupa au ya seluloidi. Katika nyembe zilizotengenezwa kwa uangalifu, upande wa kabari unaotazama bawaba ni mnene kidogo kuliko upande wa ncha ya mpini, hivyo mbavu hulazimika kutanuka zinapotoka kwenye kabari na kurudi kukutana tena kwenye bawaba. Matokeo yake ni mpini uliobenuka kidogo nje pande zote mbili kwa usawa. Ubenukaji huo ni wa makusudi: ndio unaozibana mbavu dhidi ya shingo ya bapa ili wembe usijifungue wenyewe. Usiuguse.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa liko kwenye mpini

Funga wembe polepole mbele ya mwanga, ukiutazama kutoka upande ambao makali yanaingia, na uangalie bapa linakwenda wapi. Makali yakiegemea ubavu mmoja, kuna watuhumiwa watatu, nao ni pini ya bawaba, bapa lenyewe, na mpini. Anza na pini, maana ndiyo rahisi kutibu na ndiyo inayosahaulika. Shika mpini kwa mkono mmoja na shingo kwa mkono mwingine, kisha ujaribu kulitikisa bapa kushoto na kulia. Likicheza, bawaba imelegea, na pengine mpini hauna kasoro yoyote. Laza kichwa cha pini juu ya kipande cha chuma kigumu, kisha kigonge kichwa cha upande wa pili kwa nyundo ndogo yenye uso wa mviringo, kwa mapigo mepesi sana, ukijaribu wembe baada ya kila mapigo mawili au matatu. Nyembe nyingi zinazodhaniwa kuwa na mpini mbovu hupona hapo.

Kisha tazama bapa kwa kulishika usawa wa jicho na kuangalia mgongo wake kutoka mkiani hadi nchani. Bapa likiwa limepinda lenyewe, kunyoosha mpini hakutasaidia, na usijaribu kamwe kulipasha bapa moto ili kulirekebisha. Ugumu wa chuma cha wembe hupatikana kwa kukipoza ghafla na kukipasha tena kwa joto la kadiri, na moto wa jiko huuondoa kwa dakika chache. Maji yanayochemka hayafikii joto hilo, kwa hiyo hayaharibu ugumu wa bapa. Madhara yake ni kutu tu.

Kinachobaki ni mpini. Weka ukingo wa rula ya chuma kwenye kila ubavu na ulinganishe. Mbavu zote mbili zikibenuka nje kwa kadiri moja, mpini ni mzima. Zikielekea upande mmoja kwa pamoja, au moja ikizama ndani wakati mwenzake amekaa sawa, au mpini mzima ukijisokota kutoka bawaba hadi kabari, hapo una kazi. Tia alama ya penseli mahali mpindo unapoanzia na unapoishia, kwa sababu utakapokuwa umeshika kitu cha moto hutapata nafasi ya kupima tena.

Hatua ya 2: Ujue mpini umetengenezwa kwa nini

Hatua hii ndiyo inayoamua kila kitu, nami ningependa msomaji aitumie muda mrefu kuliko nyingine zote. Joto linaloilainisha pembe linaweza kuiharibu seluloidi, na maji yanayoinyoosha seluloidi yanaweza kuupasua mfupa.

Umri wa wembe unasaidia kukisia. Seluloidi ilipewa hataza na John Wesley Hyatt nchini Marekani mwaka 1870, kwa hiyo wembe wa kabla ya hapo wenye mpini wa seluloidi umebadilishiwa mpini. Nyembe za Sheffield zilizopigwa chapa ya taji kati ya herufi W na R ni za enzi ya mfalme William wa Nne, 1830 hadi 1837, na zenye V na R ni za enzi ya malkia Victoria, 1837 hadi 1901. Vilevile, sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa zinazoingia nchini humo zitaje nchi zilikotoka, hivyo jina la nchi kwenye shingo, kama vile "England" au "Germany", huashiria kwa kawaida wembe wa baada ya hapo. Hizi ni dalili tu. Mpini wenyewe ndio utakaotoa ushahidi.

Pembe ya ng'ombe au ya nyati ukiielekeza kwenye jua huonyesha michirizi inayokwenda kwa urefu wa mpini, na kwenye kingo nyembamba hupitisha mwanga wa rangi ya asali au ya kahawia. Imejengwa kwa tabaka juu ya tabaka, na pembe iliyokauka huanza kuinua tabaka hizo penye matundu ya pini. Ukiona vijishimo visivyo na mpangilio vilivyochimbwa juu ya mpini, umepata ushahidi mzuri sana, kwa sababu wapo wadudu wanaokula pembe lakini hawali seluloidi. Usidanganywe na michoro ya kunakshi: mafundi wa Sheffield waliichapa pembe iliyolainishwa ndani ya kalibu za chuma tangu karne ya 18, hivyo nakshi si dalili ya plastiki.

Seluloidi ina sura moja kila mahali, na penye madoa madoa mpangilio wake ni safi kupita wa kitu cha asili. Isugue kwa kitambaa kwa nguvu hadi ipate joto kisha uinuse. Harufu ya kafuri itakuja, kwa kuwa kafuri ndiyo iliyochanganywa na selulosi naitreti ili kuifanya inyumbulike. Wapo wanaoshauri kuchoma mahali palipofichika kwa sindano iliyopashwa moto ili kunusa. Ninasihi jambo hilo lisifanywe. Pembe ikichomwa hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na hiyo ni salama. Lakini selulosi naitreti hushika moto kwa kasi ya kutisha, na anayechoma hajui bado ameshika kipi.

Mpira mgumu uliopikwa kwa salfa huwa mweusi, na ukikaa kwenye mwanga hubadilika kuwa kahawia au kijani kilichofifia; ukisuguliwa hunuka kiberiti. Maji ya moto huugeuza rangi moja kwa moja, kwa hiyo usiutie humo. Bekelaiti, iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ikishaganda hailainiki tena kwa joto lolote, na ukiilazimisha itavunjika. Mfupa hutambulika kwa vidoa na vistari vidogo vyeusi ambavyo ni mishipa ya damu ya zamani, nao haulainiki.

Imebaki mipini ya pembe za ndovu na ya magamba ya ng'amba, aina ya kasa wa baharini, na hii inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Pembe za ndovu zilizopita Zanzibar katika karne ya 19 zilikwenda Bombay, London na Marekani, na kutokana na biashara hiyo zilitengenezwa funguo za piano, vichana, na mipini ya visu na nyembe. Pembe ya ndovu ikikatwa kwa upana huonyesha mistari myembamba inayopishana, na hailainishwi na maji ya moto. Itanyonya maji, ivimbe, kisha ipasuke ikikauka. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu kwa uamuzi wa mwaka 1989, na ng'amba naye analindwa na mkataba huohuo. Nchini Tanzania na Kenya, kuwa na vitu hivi bila kibali ni kosa la jinai hata kama vilitengenezwa zamani kiasi gani; sheria inavihesabu kuwa nyara. Anayegundua kuwa wembe wake una mpini wa namna hiyo aache kuurekebisha na awaone maofisa wa wanyamapori.

Hatua ya 3: Andaa vifaa na ulifunge bapa

Unahitaji sufuria yenye kina, kipimajoto cha jikoni, beseni la maji ya baridi, glavu nene, taulo, mbao mbili laini na bapa zenye urefu wa mpini, vipande vidogo vya mbao na vya ngozi vya unene mbalimbali, klampu mbili au jiriwa, spiriti na mafuta ya cherehani. Kama utalazimika kuufungua mpini, ongeza tupa ndogo, keke au drili yenye biti nyembamba, kinyundo cha uso wa mviringo, kipande cha chuma cha kugongea, na waya mgumu wa shaba ya njano wenye unene wa milimita 1.6 pamoja na washa ndogo (vijipete bapa vya chuma) zinazolingana nao.

Safisha wembe kwa spiriti, lipake bapa mafuta mepesi, kisha ufunike makali kwa tabaka kadhaa za utepe wa karatasi wanaoutumia mafundi rangi. Juu ya utepe, viringisha kitambaa kikavu. Wembe ulioshikwa kwa mkono wenye maji ya moto ni hatari hata kwa fundi mzoefu, na wembe mkongwe una kutu pia. Kama kabari ni ya risasi, usiipige msasa, na unawe mikono kabla ya kula.

Hatua ya 4: Kunyoosha mpini wa pembe bila kuufungua

Pembe ni keratini, yaani kitu kilekile kilichounda kucha na nywele. Unyevu na joto kwa pamoja hulegeza baadhi ya viungo vinavyoshikilia nyuzi zake, na inapopoa ikiwa imebanwa katika umbo jipya, viungo hivyo hufungamana upya katika umbo hilo. Joto peke yake bila unyevu huikausha na kuipasua, na ndiyo sababu sipendekezi moto wa mshumaa wala jiko la oveni, ingawa mafundi wa pembe wa zamani waliojua vyema kipimo cha mkono wao waliutumia moto.

Mpindo ulio katikati ya mpini au karibu na kabari hunyooshwa bila kuondoa pini. Chemsha maji, yaondoe motoni, na usubiri yashuke hadi nyuzi 90 hivi za Selsiasi. Fungua wembe hadi bapa na mpini viwe mstari mmoja, shika upande wa bapa uliofungwa kitambaa, na uzamishe mpini kuanzia ncha ya kabari hadi kupita alama ya penseli, ukiiacha bawaba nje ya maji. Kuiacha bawaba nje ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu maji yakiingia kati ya shingo na mbavu hayatoki kirahisi, na kutu itaendelea kula mahali usipopaona.

Subiri dakika 4 au 5, utoe mpini, na kwa mikono yenye glavu ujaribu kuupinda polepole kinyume cha mpindo wake. Pembe iliyo tayari hutii kwa ulaini, bila kurudi ghafla. Ikigoma, irudishe majini kwa dakika mbili nyingine badala ya kuongeza nguvu. Ukisikia mlio wa kukatika, ukiona mstari mweupe ukijitokeza juu ya ubavu, au malengelenge yakiinuka, acha mara moja: tabaka zimeanza kuachana.

Mpini ukiwa laini, upeleke kidogo kupita pale unapotaka ukae, kwa sababu pembe hurudi nyuma kiasi inapopoa. Hakuna kipimo kimoja kwa mipini yote. Pembe nyeusi nene ya nyati hurudi zaidi kuliko pembe nyembamba ya ng'ombe, na ni heri kurudia kazi kuliko kuipita. Ushikilie hivyo ndani ya maji ya baridi hadi upoe, kisha uubane. Namna nzuri ya kubana ni kwa nukta tatu: weka mpini juu ya ubao, utie vipande viwili vidogo vya mbao chini ya ncha zake mbili upande mmoja, na kipande cha tatu juu ya mpindo upande wa pili, halafu ukaze klampu juu ya kipande hicho cha tatu hadi mpini ufikie umbo ulilokusudia. Ngozi iwekwe kila mahali mbao zinapogusa pembe ili zisiache alama. Kati ya mbavu mbili, penye nafasi tupu, chomeka kipande cha mbao chenye unene sawa na nafasi hiyo. Bila hicho klampu itazikandamiza mbavu zikutane na utakuwa umebadilisha kosa moja kwa lingine.

Kwa mpini uliojisokota, badala ya kupinda, shika ncha mbili na uzizungushe kwa pande zinazopingana, tena ukipita kidogo, kisha ubane kati ya mbao mbili bapa huku vipande vya ngozi vikiinua kona zinazohitaji kuinuliwa.

Acha mpini kwenye klampu kwa saa 24 angalau, mahali penye kivuli na hewa. Pembe iliyokunywa maji inaendelea kukauka baada ya kupoa, na ikitolewa mapema itajipinda upya inapopoteza unyevu huo. Kwa mipindo mikubwa mimi hupenda siku tatu. Katika mji wenye hewa nzito ya pwani kama Mombasa au Tanga, ongeza siku nyingine mbili.

Hatua ya 5: Kuufungua mpini, pale tu inapolazimu

Pini za zamani zina thamani, na kila pini inayoondolewa huupunguzia wembe uhalisi wake. Mkusanyaji wa nyembe atakuambia hivyo, na nakubaliana naye. Fungua mpini endapo mpindo uko karibu na bawaba, endapo ubavu mmoja tu ndio uliopinda na mwenzake unauvuta, au endapo kutu imejaa ndani ya bawaba. Mara nyingi inatosha kuondoa pini ya bawaba peke yake na kuiacha kabari mahali pake.

Kata kwa tupa kichwa cha pini upande mmoja hadi kilingane na washa, ukiwa umebandika utepe kuizunguka ili tupa isichune pembe. Toboa katikati ya pini kwa biti ya milimita 1 hadi 1.5 kwa kina kidogo tu, ili kukilegeza kilichobaki cha kichwa. Laza mpini juu ya ubao wenye tundu lililo chini kabisa ya pini, na uisukume pini itoke kwa chuma chembamba chenye ncha butu, kwa mapigo mafupi. Pini ikigoma, usigonge kwa nguvu. Tundu la pembe ndilo litakalopasuka kwanza. Weka tone la mafuta ya cherehani, usubiri hadi kesho yake, ujaribu tena. Hifadhi washa zote, hata zile za ndani zinazokaa kati ya shingo na ubavu.

Ubavu wa pembe uliokwisha kutolewa unaweza kulowekwa kwanza katika maji ya uvuguvugu usiku kucha kama ni mkavu sana, kisha ukatiwa wote katika maji ya nyuzi 90 kwa dakika 5 hadi 10 na kubanwa kati ya mbao mbili. Kumbuka ubenukaji wa asili: chomeka kipande chembamba cha ngozi chini ya sehemu ya katikati ili ubavu usitoke ukiwa bapa kabisa. Penye tabaka zilizoinuka, subiri pembe ikauke vizuri, kisha uingize supagluu nyepesi kwa ncha ya kijiti, ubane, na upige msasa laini baadaye, kuanzia namba 400 na kuendelea.

Seluloidi na tahadhari zake

Kabla ya kuipasha seluloidi moto, iangalie kama inaoza. Seluloidi inayooza hupata nyufa ndogo ndogo za ndani zilizopangika mithili ya vigae, hugeuka manjano au kunata, na hutoa harufu kali ya tindikali. Mvuke wake una asidi inayolishambulia bapa, hivyo wembe wenye kutu iliyojaa pale tu unapofunikwa na mpini, huku shingo ikiwa safi, unakuonya. Mpini wa namna hiyo haunyooshwi. Uondoe, uutenge na nyembe nyingine, usiuhifadhi ndani ya kasha lililofungwa, na utafute mbavu mpya.

Seluloidi nzima hulainika katika maji ya nyuzi 70 hadi 80, na hulainika haraka: sekunde 30 hadi dakika moja hutosha kwa ubavu mwembamba. Tumia kipimajoto, kwa sababu maji yanayochemka yanaweza kuipotosha zaidi, kufifisha mng'ao wake na kufuta nakshi. Usitumie moto wa wazi, bunduki ya hewa moto, oveni wala maikrowevu kwa sababu yoyote ile. Na jiko lililopasha maji lizimwe kabla mpini haujaletwa karibu. Utaratibu wa kupinda ni uleule wa pembe, ila mpini huu hutii zaidi na hurudi nyuma kidogo tu. Ubane ukiwa bado na moto, uzamishe pamoja na klampu katika maji ya baridi, na baada ya saa chache utakuwa umetulia. Kwa kuwa haunywi maji kama pembe, hauhitaji siku nyingi za kukauka.

Hatua ya 6: Kurudisha pini

Kwanza ujaribu wembe kwa skrubu ndogo sana yenye nati, au kwa kipande cha waya kisichopigwa kichwa, uone makali yanapita wapi. Hapa ndipo penye nafasi ya mwisho ya kurekebisha bila gharama. Yakiegemea upande mmoja kwa unene wa ukucha, washa nene zaidi ya ndani upande huo huweza kuyarudisha katikati.

Ukiridhika, pitisha waya wa shaba ya njano, vika washa pande zote mbili, na ukate waya ubakize milimita 1 hivi juu ya kila washa. Sawazisha ncha kwa tupa. Laza upande mmoja juu ya chuma na ugonge upande wa pili kwa kinyundo, ukiyaelekeza mapigo kwenye ukingo wa pini na kuzunguka, si katikati, ili kichwa kitanuke na kuvimba kama kuba. Geuza upande na ufanye vivyo hivyo, ukipokezana. Haraka ya kukaza hupasua pembe kwenye tundu, na ufa huo hautibiki. Bapa linapofunguka kwa ukinzani mdogo, na lisianguke kwa uzito wake wembe ukigeuzwa, pini imekaza ya kutosha.

Baada ya kazi

Kausha wembe kwa hewa ya uvuguvugu ya mashine ya kukaushia nywele, isipokuwa wenye mpini wa seluloidi, ambao utakaushwa kwa taulo na hewa ya kawaida. Weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, ufungue na kufunga mara kadhaa, kisha ufute yanayovuja. Mpini wa pembe upakwe mafuta ya kwato za ng'ombe yanayotumiwa na mafundi wa ngozi, uachwe siku kadhaa, ufutwe, na upakwe tena. Yakikosekana, mafuta mepesi ya madini yanayouzwa duka la dawa yanafaa. Mafuta ya alizeti yasitumike, kwa kuwa huganda na kunata.

Uhifadhi wembe ukiwa mkavu, mbali na dirisha lenye jua na mbali na bafu lenye mvuke, nao ulazwe chali badala ya kuegemezwa kwa ubavu mmoja. Baada ya juma moja angalia tena makali yanakoshuka, na baada ya juma la tatu uangalie mara ya pili, kwa maana pembe iliyokaa imepinda miaka themanini huweza kurudi kidogo inapomaliza kukauka. Ikirudi, rudia Hatua ya 4 kwa muda mfupi zaidi. Makali yakiendelea kupita katikati, toa utepe, na sasa ndipo wembe upelekwe kwenye jiwe la kunolea.